Babu hakufika Mongbwalu mwaka 1905

Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika kipindi cha asubuhi kuhusu historia ya mji wetu, nilisema kwenye mikro kwamba babu yangu mzaa baba alikuwa kati ya wafanyakazi wa kwanza kabisa wa dhahabu ya hapa. Nilisema alitoka upande wa Mahagi, akafika mwaka 1905 pamoja na wazungu, na kwamba walikuta msitu mtupu. Sikuwa nimeisoma mahali. Ni habari niliyoikuta nyumbani. Bibi aliisema, baba aliisema, baba wakubwa waliirudia kila kwenye matanga. Kwangu hao walikuwa mashahidi watano au sita, na nani anahitaji zaidi ya hao?

Kipindi hakijaisha, simu ikalia. Alikuwa mzee mmoja Mnyali. Hakunitukana. Aliuliza tu: "Mwanangu, unasema babu yako alikuta msitu mtupu. Sisi tulikuwa wapi?"

Nilimshukuru, nikaweka muziki.

Mongbwalu iko ndani ya sekta ya Banyali-Kilo, teritwari ya Djugu, kilomita kama themanini kutoka Bunia. Jina la sekta peke yake linatosha kumjibu mzee yule. Na hapa Ituri maneno "sisi ndio tulifika kwanza" si ya kupamba hotuba. Mwaka 1999 ugomvi wa mashamba huko Walendu-Pitsi, ndani ya Djugu hii hii, ulifungua vita vilivyomaliza makumi ya maelfu ya watu, na kila upande ulikuwa na masimulizi yake ya nani mwenyeji na nani mgeni. Mimi niliongeza simulizi langu hewani bila kukagua hata tarehe moja. Tangu siku ile nimekuwa nikichunguza historia ya nyumba yetu kama ninavyochunguza habari ya machimbo yaliyobomoka: nani aliona, nani alisikia tu, na nani anafaidika tukiamini.

Nilianza na hesabu, maana hesabu haina gharama. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, nchi ingali mali ya mfalme Leopold II, na sifa zilikwenda kwa Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, katika kijito cha Agola. Uchimbaji ulianza 1905. Ubelgiji ilichukua nchi mwaka 1908, na sosiete ya Kilo-Moto, ile wazee wanayoiita SOKIMO, iliundwa 1926. Kwa hiyo mwaka 1905 wenyewe ni wa kweli. Shida ni babu. Kama alikuwa kijana wa miaka 18 wakati ule, basi alizaliwa 1887. Kitinda mimba wake alizaliwa 1962, babu akiwa na miaka 75. Alifariki 1984, akiwa na miaka 97. Haiwezekani? Inawezekana, wazee wa namna hiyo wapo. Lakini baba anakumbuka vizuri kwamba mwaka mmoja kabla ya kifo babu alipanda mwenyewe juu ya nyumba kubadilisha manyasi. Hapo nikaanza kuona haya kidogo.

Nikaenda kwenye parokia alikobatizwa. Kitabu cha ubatizo kilikuwepo, pembe zake zimeliwa na mchwa, lakini ukurasa wake ulisomeka: mtu mzima, amebatizwa 1937, umri karibu miaka 20. Huo umri ni wa kukadiria. Padri alitazama uso, akaandika. Basi mpe padri kosa la miaka kumi nzima. Bado babu amezaliwa 1907. Mwaka 1905 hakuwa tumboni.

Halafu baba akafungua sanduku la bati ambalo sisi watoto tulikatazwa kuligusa, akatoa buku la kazi la babu. Aliandikwa kazini mwaka 1938, nambari ya matrikule ipo, na kazi yake ni kusimamisha miti ndani ya shimo ili ardhi isianguke. Hapa kuna jambo nililolijifunza na sitalisahau. Kitabu cha padri na buku la sosiete viliandikwa na watu wawili ambao hawakuulizana, kila mmoja kwa haja yake. Padri alitaka kujua nani ameoa nani na nani msimamizi wa ubatizo. Karani wa sosiete alitaka mtu na nambari, ili mshahara usipotee na mtoro atafutwe. Hakuna kati yao aliyekuwa anaandika historia ya ukoo wetu, na hakuna aliyefaidika babu akiwa mzee zaidi au kijana zaidi. Vinapokubaliana, nguvu yake ni kubwa kuliko baba wakubwa watatu kwenye matanga.

Lakini havikukubaliana kila mahali. Kitabu cha ubatizo kinataja kijiji kimoja, buku linataja jina la chifu wa upande mwingine kabisa. Baba mkubwa alisema basi vyote ni vya uongo. Siyo hivyo. Wakati wa Bulamatari watu wengi walipelekwa Kilo-Moto kupitia kwa machifu, ambao walidaiwa kutoa vijana, wapende wasipende. Bakonzi Agayo aliandika historia ya migodi hiyo kutoka 1905 mpaka 1960 katika tasnifu aliyoitetea Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1982, na mtu akitaka kuelewa makaratasi ya babu yake ni lazima kwanza aelewe mtindo huo wa kuandikisha watu. Jina la chifu kwenye buku linaonyesha nani alimtoa babu. Halisemi babu alizaliwa wapi. Karatasi inajibu swali la aliyeiandika. Swali lako wewe, miaka themanini baadaye, halikuwa mezani kwake.

Majina ndiyo yalinisumbua zaidi. Kule Ulaya mtu anatafuta jina la ukoo, anashuka nalo mwaka hadi mwaka kama mtu anayeshika kamba. Hapa kwetu kamba hiyo haipo. Ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja, kila mmoja ana jina lake. Karani Mbelgiji aliandika alivyosikia, na padri akasikia tofauti. Ukikuta Ngabu au Lobo kwenye orodha ya wafanyakazi wa Djugu, usikimbie kupiga kelele kwamba umempata babu yako. Umekuta mmoja kati ya mamia. Kisha ukaja mwaka 1972, Mobutu akataka majina ya kizungu yaachwe. Kuna watu walioolewa kwa jina moja, wakasajili watoto kwa jina lingine, na wakazikwa kwa jina la tatu. Katika makaratasi yetu babu ni watu wawili mpaka 1972, na nilichukua mwezi mzima kuhakikisha ni mmoja, kwa sababu mke ni yule yule na tarehe ya ndoa ni ile ile. Jina peke yake lisingetosha.

Na tafadhali, kadi ya mpiga kura isikudanganye. Ilianza kutolewa 2005, na kwa sababu nchi haikuwa na kadi nyingine ya utambulisho, tunaitumia kwa kila kitu, kuanzia benki mpaka kwenye barabara ya Bunia. Lakini tarehe iliyoandikwa pale, kwa wazee wetu wengi, ni ile waliyoitaja kwa mdomo mbele ya mtu wa kompyuta. Shangazi yangu alizaliwa "wakati wa kazi nyingi za vita". Mtu wa kompyuta alimwandikia tarehe mosi Januari. Sasa ukiangalia, maneno ya shangazi yana thamani kuliko kadi: kazi za vita ni ile effort de guerre ya Wabelgiji, na mwaka 1942 ndipo siku za kazi za lazima zilipopandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Kumbukumbu yake inaweza kuunganishwa na tukio linalojulikana. Tarehe mosi Januari haiungani na kitu.

Sasa niseme habari ya parsele, ingawa nyumbani hawataifurahia. Kuna kiwanja ambacho matawi mawili ya familia yetu yanagombania. Tawi la pili, upande wa baba mdogo mmoja, lilileta kwenye barza karatasi ya tarehe ya 1958 inayosema kiwanja alipewa baba yao. Karatasi nzuri, imepigwa mashini, ina muhuri. Wazee waliipitisha mkono kwa mkono kwa heshima kubwa. Ilipofika kwangu nikasoma juu kabisa: République du Zaïre. Ndugu msomaji, mwaka 1958 nchi hii iliitwa Congo Belge. Zaïre ilianza Oktoba 1971 na ikaisha Mei 1997. Karatasi ile, basi, ilipigwa mashini ndani ya miaka hiyo 26, tarehe yake iseme nini.

Je, ni ya kughushi? Nilipandisha sauti kusema ndiyo, na nilikosea kwa mara ya pili. Inaweza kuwa nakala: mtu alipoteza karatasi ya kwanza, ofisi ikamwandikia nyingine kwenye karatasi za wakati ule, ikabakiza tarehe ya zamani. Nakala ya halali kwa kawaida inasema kwamba ni nakala, na inamtaja aliyeithibitisha. Hii haisemi. Kwa hiyo nilichoweza kusema mbele ya wazee ni kidogo lakini ni imara: karatasi hii haiwezi kuwa shahidi wa mwaka 1958. Baba mdogo hakunisalimia mwezi mzima.

Tarehe za majina ya kubadilika ni silaha ya maskini, kila mtu anaweza kuwa nayo. Sosiete ya zamani iligeuka OKIMO mwaka 1966, kwa hiyo OKIMO kwenye barua ya 1950 ni mashaka. Stanleyville iliitwa Kisangani kuanzia 1966. Pesa ya zaïre ilitoka 1967. Lakini silaha hiyo inaweza kukukata mwenyewe. Jina SOKIMO lilirudi tena baada ya OKIMO, kwa hiyo halikuambii kama karatasi ni ya 1935 au ya juzi. Na kijana mmoja aliniambia karatasi ya 1999 yenye "jimbo la Kibali-Ituri" lazima iwe bandia, kwa kuwa Ituri imekuwa jimbo 2015. Hakujua kwamba Juni 1999 jenerali wa Uganda, James Kazini, alitangaza jimbo la Kibali-Ituri na kumweka Adèle Lotsove kuwa gavana. Uhalali wake ni mabishano mengine. Mihuri ilikuwepo.

Nirudi kwa wale mashahidi wangu watano au sita. Nilizunguka kwa kila mmoja na swali moja tu: wewe ulisikia kwa nani? Baba: kwa bibi. Baba mkubwa: kwa bibi. Wa pili: kwa bibi, jikoni, wakati wa mvua. Binamu zangu: kwa baba mkubwa. Kumbe sikuwa na mashahidi watano. Nilikuwa na mdomo mmoja na masikio mengi. Mwanahistoria Jan Vansina, Mbelgiji aliyeanza kazi yake kwa Wakuba wa Kasai miaka ya 1950, alitoa kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo mwaka 1961, na kiini cha kazi ile ni hicho: simulizi ina mnyororo, na kazi yako ni kuufuata nyuma, pete kwa pete, mpaka kwa yule aliyeona kwa macho. Usipomfikia, angalau ujue pete ngapi zimekosekana.

Halafu nikagundua kitu cha kuchekesha. Bibi hakuwahi kutamka jina la Hannam. Baba mkubwa ndiye aliyeliongeza, na alipobanwa alikubali kwamba alilisoma shuleni. Jina lilitoka kitabuni, likaingia kwenye simulizi ya bibi, na mimi nilipolikuta kitabuni baadaye nilifurahi: tazama, bibi alisema kweli, hata kitabu kinakubali! Kitabu kilikuwa kinakubaliana na chenyewe.

Jambo hili limewakuta wakubwa kuliko sisi. Mmarekani Alex Haley, mwandishi wa Roots, kitabu cha 1976 kilichoigizwa kwenye televisheni duniani kote, alikwenda kijiji cha Juffure huko Gambia akamkuta mzee aliyemsimulia habari za Kunta Kinte, babu yake aliyechukuliwa utumwani. Mwanahistoria Donald Wright alifuatilia baadaye akaonyesha kwamba Haley alikuwa ameshawasimulia watu wengi huko Gambia hadithi anayoitafuta kabla mzee hajamsimulia yeye. Mzee alimpa mgeni alichokuja kukitafuta. Simlaumu. Hata mimi, nikimwendea mzee na swali "ni kweli babu alifika 1905?", atasema ndiyo, mwanangu, kaa ule.

Na kwetu Ituri mambo haya yamefika mpaka La Haye. Katika kesi ya Thomas Lubanga, hukumu ya tarehe 14 Machi 2012, majaji walikataa ushahidi wa vijana kadhaa waliosema walikuwa askari watoto. Waliona kwamba baadhi ya wapatanishi huenda waliwafundisha la kusema, na kwamba kulikuwa na uwezekano wa kweli kuwa baadhi ya watu walikuwa wamejitambulisha kwa majina yasiyo yao. Ubaba, umri, shule aliyosoma mtu, vyote vilipimwa mahakamani, na wengine waliondolewa kwenye orodha ya waathirika. Hapa watu walisema: basi kesi imekufa. Haikufa. Majaji walikuwa pia na picha za video ambamo watoto walionekana wazi kuwa chini ya miaka 15, na video haikupita kwa mpatanishi yeyote. Lubanga alihukumiwa miaka 14. Mtu akisema uongo juu ya jambo, jambo lenyewe linaweza bado kuwa kweli. Ni lazima tu liwe na mguu mwingine wa kusimamia.

Nataka pia niwatetee wasio na karatasi. Novemba 2002 mji huu ulishambuliwa. Ni kati ya mambo ambayo Bosco Ntaganda alihukumiwa nayo mwaka 2019. Watu walikimbilia msituni na mtoto mgongoni, si na sanduku la bati. Nyumba iliyochomwa ilichomwa pamoja na mabuku ya kazi, vyeti vya ubatizo na picha za arusi. Kumwambia mama wa Sayo "leta karatasi" ni kumchoma mara ya pili. Katika uamuzi wa malipo ya fidia wa Agosti 2012, mahakama ile ile iliyokataa mashahidi ilikubali kwamba asiye na kitambulisho anaweza kuleta maelezo yaliyosainiwa na mashahidi wawili wa kuaminika. Wawili. Na mimi ningeongeza: wawili ambao hawakusikia kwa mdomo mmoja.

Basi 1905 ya bibi ilitoka wapi? Sidhani alitunga. Shangazi, aliye mkubwa wa wote waliobaki, aliniambia kwamba baba yake babu "alikwenda kwenye dhahabu, akarudi na mguu mbovu," zamani sana, kabla watu wa kwao hawajavaa nguo za dukani. Ubatizo wa 1937 unamtaja huyo baba kwa jina, lakini haumpi tarehe wala kazi. Inawezekana watu wawili, baba na mwana, waliokwenda mahali pamoja kwa miaka zaidi ya thelathini ya tofauti, wamekuwa mtu mmoja katika mdomo wa bibi, ambaye aliolewa kwenye nyumba hii karibu 1945 na hakumwona yule wa kwanza. Kwenye daftari langu nimeandika hivi: babu, kazini 1938, hakika. Baba yake babu, kwenye dhahabu, mdomo mmoja, tarehe hakuna. Baba mkubwa ameona daftari na amekasirika kwamba nimemnyang'anya baba yake miaka 33.

Nilirudi hewani kusahihisha. Nilimwalika na yule mzee Mnyali studioni. Alikuja na majina ya wazee wake, kutoka yeye kwenda juu, na nikamuuliza kama nilivyowauliza wa kwetu: ulisikia kwa nani, na yeye kwa nani? Kwenye jina la tano alinyamaza, akacheka, akasema hapo lazima amuulize dada yake kwanza. Parsele bado iko mbele ya barza. Jumapili hii nakwenda kwa shangazi na simu ya kurekodi, mapema, kabla baba mkubwa hajafika kula, maana akiwepo yeye shangazi anaanza kumtaja Hannam.